Nchi Iliyoletwa na Mto



Juma lililopita nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita habari za mito mikubwa ya Afrika. Nilichora ubaoni mto Nili, tangu maziwa yetu hata Bahari ya Kati, na mwisho kabisa, pale mto unapogawanyika matawi, nikachora pembetatu. Nikawaambia, "Nchi hii yote ni matope yaliyoletwa na mto." Kisha nikaongeza, upesi upesi kama tufanyavyo walimu saa inapokaribia kwisha, kwamba tangu mwaka 1964 matope hayo karibu hayafiki tena, na sasa bahari inaila nchi ile. Hapo kijana mmoja aketiye nyuma, ambaye kwa desturi si msemaji, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Mto ungali unatiririka. Matope yamekwenda wapi?"

Kengele ikalia. Watoto wakatoka nje kwa kelele zao, nami nikabaki na chaki mkononi. Swali la yule kijana lilikuwa bora kuliko somo langu. Kwa hiyo namjibu hapa, mbele yenu nyote, kwa maana jibu ni refu kidogo, na katika njia yake tutakutana na mambo ambayo hata watu wazima hawayawazi sana.

Tuanze karibu na nyumbani. Wakaao Uvira na Gatumba waujua mto Ruzizi. Unatoka ziwa Kivu hapa Bukavu, unashuka kwa kishindo kati ya milima, kisha unapofika uwanda wa chini unapoa, unakwenda kwa kupindapinda kama nyoka aliyeshiba, na kabla ya kuingia ziwa Tanganyika unagawanyika sehemu mbili, Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo. Sababu ya kugawanyika ni hii. Maji yaendayo kasi yana nguvu ya kuchukua mchanga na udongo. Yakipunguza mwendo, nguvu zao hupungua, na mzigo huanguka. Mzigo ukianguka njiani, mto hujizibia njia yake wenyewe, nao hutafuta nyingine kandokando. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya miaka mingi, mahali palipokuwa maji pamekuwa nchi kavu, matete yameota juu yake, viboko na mamba wamepata makao, na mwishowe mtu naye amekuja na jembe lake.

Nchi ya namna hiyo wataalamu huiita delta. Jina ni la Wayunani, ambao herufi yao ya nne, delta, huandikwa kama pembetatu. Herodoto, Myunani aliyeizuru Misri katika karne ya tano kabla ya Kristu, alitambua kwamba nchi ile waliyoiendea Wayunani kwa merikebu ilikuwa zawadi ya mto. Hakuwa na vyombo vya kupimia kama vya leo, lakini alikuwa na macho, na hakuona haya kuuliza.

Delta ya Nili huanza kaskazini kidogo ya mji wa Kairo. Toka hapo hata bahari ni kilomita 160 hivi, na upana wake pwani, tangu Alexandria hata Port Said, ni kilomita 240 hivi. Ni nchi tambarare kama meza, haina hata kilima kimoja cha kumchosha mpandaji. Upande wa mashariki ndipo ilipokuwa nchi ya Gosheni, Yakobo na wanawe walipopewa makao wakati wa njaa, na ndipo wajukuu wao walipofanyizwa matofali kwa matope yale na makapi ya ngano. Leo wanaishi katika delta watu zaidi ya milioni 40, wengi wao wakila kwa jasho la shamba.

Hapa yanipasa nisahihishe jambo ambalo mimi mwenyewe nililiamini nilipokuwa mwanafunzi. Nilidhani matope ya Misri yalitoka kwetu. Maji ya mto Rutshuru huingia ziwa Edward; kutoka huko mto Semliki huyapeleka ziwa Albert pamoja na maji ya theluji na mvua ya Ruwenzori; na kutoka ziwa Albert huendelea mbele ndani ya Nili. Ni kweli kabisa, maji ya Kongo hufika Misri. Lakini udongo wetu haufiki. Mwingi huzama ndani ya ziwa Albert, na unaobaki hunaswa katika vinamasi vikubwa vya mafunjo huko Sudani Kusini, ambako maji yenyewe hupungua sana kwa kukaushwa na jua. Matope yaliyoijenga Misri karibu yote yalitoka milima ya Etiopia, au Uhabeshi kama wazee wetu walivyozoea kuiita. Mvua za Juni hata Septemba huipiga milima ile, na mto Nili ya Buluu pamoja na mto Atbara huteremka na rangi ya kahawa. Sisi wa maziwa twatoa maji yasiyokatika wakati wa kiangazi. Waetiopia walitoa nchi yenyewe.

Zamani mzigo huo, ulipopita Aswan, ulikuwa kama tani milioni 120 kwa mwaka. Sehemu ndogo ilitua mashambani, kama unene wa milimita moja kwa mwaka, nayo ilitosha kuwapa Wamisri ngano kwa maelfu ya miaka bila kununua mbolea. Sehemu kubwa ilikwenda moja kwa moja hata baharini, na huko ndiko delta ilikoongezwa.

Najua swali mnalotaka kuniuliza. Na mto wetu Kongo, uliokubwa kuliko Nili mara nyingi kwa wingi wa maji, mbona hauna delta? Tazameni ramani: penye Banana na Moanda mto umefungua kinywa kimoja kipana, basi. Sababu ya kwanza ni kwamba misitu ya Kongo hulinda udongo, na mto huacha mzigo mwingi ndani ya nchi katika mabonde mapana. Lakini sababu kubwa iko chini ya maji. Mdomoni mwa Kongo pana korongo la ajabu, linaloanza ndani ya mto wenyewe, kama kilomita 30 kabla ya kufika baharini, na penye mdomo kina chake kimepita mita 400. Mchanga ufikao huko hauna pa kujikusanyia. Huanguka shimoni na kuteremka kilindini. Mwezi wa Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa, poromoko la mchanga na matope liliteremka katika korongo hilo kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 1,100 chini ya bahari, likakata nyaya mbili zilizolazwa huko za kupitishia simu na intaneti. Watu wa mijini walikasirika kwamba intaneti imekuwa nzito, wasijue kwamba mto wao ndio uliopita.

Basi mto peke yake hautoshi kuijenga delta. Bahari nayo ina neno lake.

Pwani ya Misri hupigwa na mawimbi yatokayo hasa kaskazini-magharibi, na wakati wa baridi huwa makali. Mawimbi hayo hayaijii pwani kwa uso. Huijia kwa ubavu. Kila wimbi hupandisha chembe za mchanga ufukoni kwa mshazari, kisha maji hurudi moja kwa moja, na chembe zinaporudi nayo zimekwisha sogea kidogo upande wa mashariki. Wimbi lifuatalo huzisogeza tena. Usiku na mchana, bila Jumapili, mchanga wa delta husafiri kuelekea Port Said, na wenyewe kwa wenyewe hufika hata pwani za Sinai na Palestina. Mchanga huo ndio uliofanya kanda nyembamba zinazotenga bahari na maziwa ya pwani, Idku, Burullus na Manzala, ambamo wavuvi wamepata riziki tangu zamani.

Mtu mwenye akili huweza kuisoma tabia hiyo na kujifaidia. Alexandria, mji wa Mtakatifu Marko na wa Mtakatifu Atanasi, ulijengwa mwaka 331 kabla ya Kristu magharibi ya midomo yote ya Nili. Kwa kuwa matope husukumwa mashariki, bandari yake haikuzibwa nayo. Pelusium, ngome iliyokuwa upande wa pili kabisa, mashariki, ilipatwa na kinyume chake. Nabii Ezekieli aliitaja kuwa boma la Misri. Leo ni magofu katikati ya nchi ya chumvi, bahari imeondoka mbele yake na tawi la mto lililoilisha limekauka.

Tena kuna jambo la tatu, ambalo halionekani kwa macho. Matope mapya yamejaa maji ndani yake. Ni kama gunia la unga: ulijaze hata shingoni, uliache juma moja, utakuta limeshuka. Hivyo delta hushuka yenyewe kwa uzito wake, hasa upande wa kaskazini-mashariki karibu na Port Said, milimita chache kila mwaka. Zamani mafuriko yalileta udongo mpya, na kushuka kule hakukuonekana sana. Mahali udongo mpya ulipokosekana, au matetemeko yalipoisaidia hasara, bahari iliingia. Katika ghuba ya Abu Qir, kilomita chache nje ya pwani, wapiga mbizi waliugundua mwaka 2000 mji mzima wa Thonis-Heracleion umelala chini ya maji pamoja na sanamu zake za mawe. Ulikuwa mji wa biashara wenye forodha, kabla Alexandria haijawa kitu.

Kwa hiyo, wasomaji, mtaona kwamba nchi ya delta haikutolewa mara moja ikaisha. Mto ulikuwa ukiilipia kila mwaka, kama mtu alipiavyo nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba ni bahari.

Binadamu aliingia katika hesabu hiyo tangu kale. Herodoto anahesabu midomo saba ya Nili, na anasema kwamba miwili kati yake haikuwa ya asili, bali ilichimbwa na watu. Leo midomo mitano imekufa. Midomo miwili iliyobaki, Rosetta upande wa magharibi na Damietta upande wa mashariki, ndiyo ile ile miwili anayoisema kuwa ilichimbwa. Jambo hili hunishangaza kila nilisomapo. Matawi ya asili yalijaa matope kwa kuachwa. Mifereji iliyochimbwa kwa majembe, ikasafishwa na kutunzwa kizazi kwa kizazi, ikawa mto.

Jina la Damietta si geni kwa Wakristu. Huko ndiko Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikofika mwaka 1219, wakati majeshi ya Msalaba yalipokuwa yameuzingira mji, akavuka mistari ya vita bila silaha kwenda kuonana na Sultani al-Kamil, na Sultani akampokea kwa heshima. Siku hizo merikebu zilizuiwa kuingia mtoni kwa mnyororo wa chuma. Miaka 30 baadaye, baada ya vita ya Mtakatifu Ludoviko mfalme wa Ufaransa, watawala wa Misri waliubomoa mji ule wakaujenga tena ndani zaidi. Kutoka mji wa leo hata baharini ni kama mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19. Muhammad Ali, aliyeitawala Misri wakati huo, alitaka pamba ya kuuza Ulaya. Pamba huhitaji maji wakati wa hari, mto unapokuwa umepungua, wala haiwezi kungoja mafuriko. Ikabidi mifereji ichimbwe kwa kina, na milango ya kuinua maji ijengwe pale penye kichwa cha delta. Kazi ile ilianzwa mwaka 1833 ikamalizika mwaka 1861, lakini haikuwa imara hata ilipotengenezwa tena mwishoni mwa karne. Mwaka 1902 ukamalizika ukuta wa kwanza wa Aswan, nao ukaongezwa urefu mara mbili, mwaka 1912 na mwaka 1933. Kila ukuta na kila mfereji ulishika sehemu ya matope. Wataalamu walipolinganisha ramani za zamani na za baadaye waliona kwamba ncha ya nchi penye mdomo wa Rosetta ilikuwa ikiendelea kusonga mbele baharini katika karne ya 19, lakini tangu mwaka 1900 hivi ikaanza kurudi nyuma. Bahari ilikuwa imekwisha kuona kwamba malipo yamepungua, kabla watu hawajaona.

Ndipo ukaja Ukuta Mkuu wa Aswan. Ulianzwa mwezi wa Januari 1960 chini ya Rais Gamal Abdel Nasser, kwa msaada wa Warusi. Mwaka 1964 mto ulifungwa, na mwaka 1970 kazi yote ikamalizika. Ukuta una urefu wa kilomita 3.8 toka ng'ambo hata ng'ambo, na kwenda juu mita 111. Nyuma yake maji yalifanya ziwa lenye urefu wa kilomita 500 hivi, lililoingia hata nchi ya Sudani. Wanubi wapatao 100,000, wa Misri na wa Sudani, walihamishwa kutoka vijiji vya baba zao.

Sipendi mtu asome habari hii akawacheka Wamisri. Sisi wa Bukavu twawasha taa zetu kwa maji ya Ruzizi yaliyozuiwa kwa ukuta tangu miaka ya 1950, na hakuna mama ninayemjua anayetamani kurudia kibatari. Ukuta wa Aswan uliwapa Wamisri katika miaka ya 1970 karibu nusu ya umeme wao wote. Uliwapa maji ya kulima mara mbili na mara tatu kwa mwaka. Mwaka 1984, mvua zilipokosekana Etiopia na watu wengi mno kufa kwa njaa huko, Misri, inayokunywa maji ya milima ile ile, haikuona njaa, kwa kuwa ilikuwa na maji ya akiba ya miaka iliyotangulia. Yosefu mwana wa Yakobo aliweka ngano kwa miaka saba. Hawa waliweka maji. Atakayesema kwamba ukuta haukustahili kujengwa, na awaambie hivyo waliokula mkate mwaka ule.

Lakini ukuta hauchagui. Ulipozuia maji ulizuia na matope.

Penye Rosetta bahari ilikuja na nguvu zake zile zile, mawimbi yale yale ya kaskazini-magharibi, ila sasa mto haukuweka kitu mbele yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 ncha ile ilirudi nyuma, mahali pengine zaidi ya mita 100 kwa mwaka mmoja. Fikirini uwanja wa mpira wa shule yenu: mwaka huu mnacheza, mwaka ujao ni maji tangu goli hata goli. Serikali ikajenga kuta nene za matofali makubwa ya saruji pande zote mbili za mdomo, zikamalizika mwaka 1991. Ncha ikatulia. Lakini ukuta hauleti mchanga. Hulinda tu ule ulio nyuma yake. Mawimbi, yaliyokosa chakula pale, yakaanza kula ufuko mwishoni mwa kuta, na ikabidi kujenga tena huko. Hivyo hivyo penye Damietta na penye Burullus. Bandu bandu huisha gogo, na anayebandua hapa halali usingizi.

Wavuvi waliona hasara mapema kuliko wakulima. Zamani maji ya mafuriko yalipoingia baharini mwezi wa Agosti na Septemba yalichukua rutuba, na rutuba hiyo ilikuza vijimea vidogo mno visivyoonekana, na vijimea vikalisha saradini, jamaa wa ndagala wetu wa Tanganyika. Makundi ya samaki yalikuja mdomoni mwa mto kwa majira, na mashua zikawangoja. Mwaka 1962 walivua tani kama 18,000 za saradini. Mara baada ya mto kufungwa hawakufikia hata tani 1,000 kwa mwaka. Yafaa niseme pia kwamba tangu miaka ya 1980 samaki wamerudi kwa wingi, wala si kwa sababu njema sana: mbolea ya viwandani inayooshwa mashambani, pamoja na maji machafu ya miji, ndiyo inayowalisha sasa badala ya matope.

Na mbolea hiyo ndiyo gharama ya mkulima. Baba yake alingoja mto umletee. Yeye hana budi kwenda dukani. Jambo la kusikitisha zaidi ni la matofali. Tangu kale watu walijenga kwa tope la Nili, na kila mwaka mto ulirudisha kilichochukuliwa. Mafuriko yalipokoma, watu waliendelea kuchota. Mwenye shamba dogo, mwenye deni, aliuza udongo wa juu wa shamba lake kwa wachoma matofali, akapata fedha kwa siku moja kuliko mavuno ya miaka kadhaa, akabaki na shamba lililokuwa chini kuliko la jirani yake, lisilo na rutuba. Miji ilikuwa ikikua haraka, na tanuri hazikupoa. Serikali ilikataza jambo hilo kwa sheria katika miaka ya 1980. Mimi siwezi kumlaumu mno yule mwenye deni. Alifanya kama alivyofanya babu yake. Kilichobadilika ni mto, na mto ulibadilishwa na wengine.

Upande wa kaskazini, karibu na maziwa ya pwani, adui wa mkulima ni chumvi. Nchi huko iko juu ya bahari kwa mita moja tu au mbili, na mahali pengine ni chini yake. Maji ya chumvi hupenya chini kwa chini, huku jua likiivuta chumvi juu ya udongo hata shamba likaonekana jeupe asubuhi. Dawa waijuayo wenyeji ni mpunga. Mpunga hutaka maji mengi shambani, na maji matamu yakisimama huisukuma chumvi chini. Lakini mpunga hunywa mno, na maji ya Nili yamegawanywa hata tone la mwisho kwa watu zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo serikali huweka mipaka ya mashamba ya mpunga kila mwaka. Mkulima wa pwani yuko kati ya serikali inayomwambia asilime mpunga na bahari inayomwambia alime.

Ziwa Manzala, lililokuwa kubwa kuliko yote ya pwani ile, limepungua na kubaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa zamani, kwa kukaushwa ili kupata mashamba na viwanja.

Juu ya hayo, bahari yenyewe inapanda. Dunia inapata joto kwa moshi wa viwanda na magari, barafu ya nchi za baridi inayeyuka, na maji ya bahari yanapanuka kwa joto. Tangu mwaka 1993, bahari za dunia, zikipimwa kwa vyombo vinavyozunguka juu angani, zimepanda zaidi ya milimita tatu kwa mwaka. Ni kidogo, utasema. Lakini nchi inashuka milimita chache, maji yanapanda milimita chache, na mto hauongezi hata moja. Jumlisheni hesabu hiyo kwa miaka 100, nanyi wanafunzi mwaijua kujumlisha.

Wamisri hawakukaa kimya. Pamoja na kuta za saruji, katika miaka hii wamejenga, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kilomita 69 za matuta ya udongo katika sehemu zilizo chini zaidi za pwani, na juu ya matuta wamesimamisha nyua za matete. Upepo unapopita na mchanga, matete huushika, na tuta hukua lenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kwa kuwa hapo, badala ya kushindana na upepo, wameupa kazi.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa nyuma, maana nimemweka sana.

Matope hayakupotea. Mto Nili, unapotoka Sudani na kuingia ziwa lile kubwa, hupunguza mwendo kama Ruzizi apunguzavyo anapofika Gatumba, na mzigo huanguka. Huanguka hasa kichwani mwa ziwa, upande wa Sudani, mamia ya kilomita kusini ya ukuta. Kwa miaka zaidi ya 50 udongo wa Etiopia umejikusanya huko, tani milioni nyingi kila mwaka, na wapimaji walioshusha vyombo vyao majini wamekuta nchi mpya ikijengeka chini, inayosonga mbele polepole kuelekea kaskazini. Ni delta. Iko katikati ya jangwa, bahari iko mbali, na chini yake vimezikwa vijiji vya Wanubi.

Wala hiyo nayo haina uhakika. Mwaka 2011 Waetiopia walianza kujenga ukuta wao mkubwa juu ya Nili ya Buluu, karibu na mpaka wa Sudani. Walianza kuweka maji nyuma yake mwaka 2020, na ulizinduliwa rasmi mwezi wa Septemba 2025. Tangu hapo, udongo mwingi wa mto ule hutua katika nchi ile ile ulikotoka, kabla hata ya kuiona Sudani.

Nimemwambia kijana alete ramani yake siku ya Jumatatu. Atachora pembetatu ya pili kusini ya mpaka wa Misri, kisha atanionyesha mwenyewe mahali pa kuchora ya tatu.